Raundi ikikaribiana unampa nani? Naomba tujadili namna ya kutoa pointi kwenye ngumi

Kengele_ya_Mwisho | #1

Habari za jioni, wadau.

Jumamosi iliyopita niliombwa kukaa mezani kutoa pointi kwenye mapambano ya vijana wa ridhaa huku mtaani kwetu Mabibo, kwa kuwa mmoja wa majaji alipatwa na dharura. Raundi ya pili ya pambano la tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Kijana wa kona nyekundu alisonga mbele tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho na alirusha ngumi nyingi sana, ila nyingi ziliishia kwenye viwiko na mabega ya mwenzake. Kijana wa kona ya bluu alikuwa akirudi nyuma, lakini mara nne (nilizihesabu kwa vijistari pembeni mwa karatasi) alisimama ghafla akamchoma ngumi ya kunyoosha usoni, kichwa kikarudi nyuma na jasho likaruka hadi kwenye karatasi yangu. Nilimpa bluu 10-9, yaani kumi kwa mshindi wa raundi na tisa kwa aliyeshindwa. Wenzangu wawili walimpa nyekundu, na kwa raundi hiyo moja pambano zima likaenda nyekundu.

Hoja yangu ni hii: raundi ikikaribiana, tusiulize nani amerusha nyingi wala nani amesonga mbele. Tuulize ngumi za nani zilimlazimisha mwenzake abadilike, yaani asite, ashushe mkono, apoteze mguu au aache alichokuwa akikifanya. Vigezo vinne tunavyofundishwa, ambavyo ni ngumi safi zenye madhara, mashambulizi yenye tija, kuutawala ulingo na ulinzi, kwangu havina uzito sawa. Cha kwanza kinatosha kuamua, na vile vitatu vinaitwa tu pale cha kwanza kinapolingana. Nakosea wapi?

Mzee_wa_Kona | #2

Hujakosea, mwanangu, ila umesahau kutuambia ulikuwa umekaa wapi.

Nimeshika ndoo na taulo kwenye kona kwa miaka mingi, na jambo ambalo watazamaji hawalijui ni kwamba majaji watatu huwekwa pande tatu tofauti za ulingo kwa sababu hakuna upande unaoona kila kitu. Ngumi inayopita kando ya sikio kwa upana wa kidole, ukiwa nyuma ya mpigaji utaapa kwamba imempata. Jasho lililoruka hadi kwako linaonyesha kuwa nyekundu alikuwa amekupa mgongo na bluu alikuwa amekuelekea uso. Wenzako wawili huenda waliona picha nyingine kabisa.

Pili, ngumi ya mbavuni hairushi jasho, na mara nyingi huisikii kama hukuitegea sikio. Ngumi ikitua kwenye kiwiko hulia kavu, lakini ikitua mbavuni hulia nzito, kama gunia la mchele linalotupwa sakafuni, na aliyepigwa hutoa pumzi bila kutaka. Je, nyekundu hakupiga mbavuni hata mara moja?

Bi_Ulingo | #3

Salaam. Mimi nampa nyekundu, na sioni haya kusema hivyo.

Bondia anayerudi nyuma dakika zote tatu amemkabidhi mwenzake ulingo. Ngumi nne katika dakika tatu ni ngumi moja kila baada ya sekunde arobaini na tano, na hapo katikati yupo mtu mwingine anayefanya kazi. Tukianza kuwapa raundi wanaokimbia na kuchomachoma, tutarudi palepale kwa Hagler na Leonard mwaka 1987, pambano ambalo hadi leo naamini Hagler alinyang'anywa. Alisonga mbele usiku kucha, Leonard akazunguka na kurusha ngumi za kupendeza macho, halafu jaji mmoja akaandika 117-111 kwa Leonard. Kwa ngumi zipi?

Karatasi_na_Kalamu | #4

Dada Bi_Ulingo, naomba nirekebishe kidogo kabla hoja haijaenda mbali. Kadi hiyo haikuwa 117-111. Jaji Jose Juan Guerra aliandika 118-110, maana yake alimpa Leonard raundi kumi na Hagler mbili tu. Lou Filippo aliandika 115-113 kwa Hagler na Dave Moretti 115-113 kwa Leonard. Tarehe 6 Aprili 1987, Caesars Palace, Las Vegas. Kwa hiyo una haki ya kushangaa kuliko ulivyoshangaa.

Hata hivyo sikubali kwamba Hagler alinyang'anywa. Huyu alikuwa bondia wa mkono wa kushoto, na alianza pambano akiwa amesimama kama mtu wa mkono wa kulia, akazitoa raundi za mwanzo bure kwa mtu aliyekuwa amepigana mara moja tu katika miaka mitano iliyotangulia. Pambano lenyewe lilikuwa la raundi kumi na mbili badala ya kumi na tano, kama kambi ya Leonard ilivyotaka. Katika safari fupi kama hiyo, raundi mbili za mwanzo ukizitupa huzipati tena.

Kamba_ya_Tatu | #5

Mnazungumzia raundi za mwanzo, lakini siri ya pambano lile ilikuwa kwenye sekunde thelathini za mwisho za kila raundi. Leonard alikuwa akitulia, akizunguka, kisha kengele inapokaribia anafyatua mfululizo wa ngumi sita au saba kwa kasi, ukumbi unalipuka, kengele inalia, na jaji anainamisha kichwa kuandika huku kelele zile zikiwa bado masikioni. Mtu hukumbuka cha mwisho. Hilo si kosa la jaji mmoja, ndivyo akili ya binadamu ilivyo.

Mimi niliamua kujitibu ugonjwa huo kwa njia ya maharage. Naweka punje sita mezani kabla ya raundi, kila punje ikiwa nusu dakika. Nusu dakika ikiisha nasogeza punje moja kushoto au kulia kulingana na aliyekuwa bora katika kipande hicho, na kama sioni tofauti naiacha katikati. Kengele ikilia sihitaji kukumbuka chochote, naangalia punje. Nimeirudia Hagler na Leonard kwa mtindo huu na sauti ya televisheni ikiwa imezimwa, na raundi tatu nilizokuwa nimempa Leonard zilihamia kwa Hagler.

Mtoto_wa_Magomeni | #6

Kaka, raundi kumi na mbili kwa punje sita ni punje sabini na mbili. Ukimaliza pambano umeshapata kitoweo cha chakula cha jioni.

Lakini kwa uzito wake, njia yako ina tundu. Inazipa nusu dakika zote thamani moja. Tuseme bondia mmoja ameshinda vipande vinne kwa kugusagusa, na mwenzake ameshinda viwili, ila katika kimoja cha hivyo viwili amemyumbisha mtu hadi akashika kamba. Maharage yako yatasema 4-2 kwa mgusaji. Hakuna mtu aliyekaa karibu na ulingo atakayekubali hivyo.

Kamba_ya_Tatu | #7

Ni kweli, na nimelifikiria. Kipande ambacho mtu ameyumba nakipa punje mbili. Najua nimeanza kubuni sheria zangu mwenyewe, lakini kila jaji anabuni zake kichwani bila kuziona. Mimi angalau zangu zipo mezani.

Kengele_ya_Mwisho | #8

Nashukuru kwa michango. Mzee wa Kona, swali lako la mbavu limenipiga mahali penyewe. Nilikuwa nimekazia macho vichwa, na kusema ukweli siwezi kuapa kwamba nyekundu hakupiga chini.

Dada Bi_Ulingo, hapo kwenye kuutawala ulingo nadhani ndipo tunapoachana. Kutawala si kuwa mbele. Ikiwa bluu alirudi nyuma kwa hiari, akamvuta mwenzake hadi pale alipotaka kumpigia, basi mtawala ni yeye. Ikiwa alirudi kwa kuwa alisukumwa, mtawala ni nyekundu. Tofauti naiona miguuni: anayerudi kwa hiari huwa amesimama imara anapopiga, na anayesukumwa hupiga huku mguu wa nyuma ukielea.

Bi_Ulingo | #9

Hilo la miguu nalikubali nusu. Lakini sheria zinasema mashambulizi yenye tija, na tija si ngumi kutua tu. Kumfanya mtu atumie raundi nzima akijikinga nako ni tija. Mtu anayejikinga hapigi.

Pwani_Kusini | #10

Wakuu, nadhani tunamlaumu jaji kwa ugonjwa ambao uko kwenye hesabu yenyewe. Katika mfumo wa pointi kumi, raundi uliyoshinda kwa unywele ni 10-9, na raundi uliyomtesa mtu dakika tatu bila kumwangusha nayo aghalabu ni 10-9. Mtu akishinda raundi tano kwa kishindo na akapoteza saba kwa unywele, kadi itasema 115-113 dhidi yake, na kila aliyetazama atasema ameibiwa ilhali hakuna aliyeiba.

Tazameni Canelo na Golovkin, Septemba 2017. Adalaide Byrd 118-110 kwa Canelo, Dave Moretti 115-113 kwa Golovkin, Don Trella 114-114. Ulimwengu mzima ulimrukia Byrd, na ninaelewa kwa nini. Lakini kadi iliyoleta sare ilikuwa ya Trella, ambaye peke yake kati ya watatu alimpa Canelo raundi ya saba. Angeiandika raundi ile kama wenzake, Golovkin angepata 115-113 kwa majaji wawili na angeondoka mshindi. Raundi moja, jaji mmoja, na hakuna anayemkumbuka.

Karatasi_na_Kalamu | #11

Bandiko #10 limesimama vizuri, na ninaongeza la pili la aina hiyo. Usyk na Fury, Riyadh, 18 Mei 2024: 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Jumlisheni kila kadi, mtapata 227. Raundi kumi na mbili za 10-9 zinatoa 228, kwa hiyo kila kadi ina raundi moja ya 10-8, ambayo aliyehesabiwa hupoteza pointi ya ziada, nayo ni ile ya tisa ambayo mwamuzi alimhesabia Fury kama aliyeanguka akiwa ameshikiliwa na kamba. Asingemhesabia, na raundi ile ikaandikwa 10-9, kadi ya 114-113 ya Usyk ingekuwa 114-114 na pambano lingekuwa sare. Pointi moja ya mwamuzi, wala si ya majaji, ndiyo iliyotoa bingwa wa uzito wa juu.

Mtoto_wa_Magomeni | #12

Kwa nini basi tusitumie 10-10? Raundi ikikukwama, iandike sare na mambo yaishe. Hata Lewis na Holyfield kule Las Vegas mwaka 1999 ilikuwa ni kadi za ovyo kwa sababu majaji walilazimishwa kuchagua.

Karatasi_na_Kalamu | #13

Mawili ya kurekebisha. Lile la kwanza la Machi 1999 lilikuwa Madison Square Garden, New York. Las Vegas ni la marudiano ya Novemba. Na majaji hawakulazimishwa. Hesabu inawashuhudia: Stanley Christodoulou aliandika 116-113 kwa Lewis, jumla 229, maana yake ana raundi moja ya 10-10. Larry O'Connell aliandika 115-115, jumla 230, maana yake anazo mbili. Eugenia Williams ndiye aliyechagua mshindi katika kila raundi, na ndiye aliyempa Holyfield ushindi wa 115-113.

Kwa hiyo 10-10 ilitumika, na bado matokeo yalikuwa sare ambayo karibu hakuna aliyeikubali. Tena 10-10 mbili za O'Connell hazikuizuia kadi yake kuishia kwenye usawa. Raundi ya sare ni hukumu kama nyingine, na inamwumiza mtu vilevile.

Mzee_wa_Kona | #14

Karatasi, umetaja jambo linalorudi kwenye hoja yangu ya viti. Williams alimpa Holyfield hata raundi ya tano, raundi ambayo Lewis alimbana mwenzake kwenye kamba na kumshindilia. Alipoulizwa baadaye alieleza kwamba wapiga picha walimziba, na alipoonyeshwa mkanda alikiri kwamba angempa Lewis. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimewahi kusimama pembeni ya ulingo nikaona mgongo wa mwamuzi kwa sekunde ishirini mfululizo huku kijana wangu akipigwa, nikadhani anapiga yeye.

Nyayo_za_Nairobi | #15

Hamjambo. Naona mmejikita kwenye ngumi za kulipwa, lakini kijana wa mleta uzi ni wa ridhaa, na huko historia ya kutafuta haki kwenye raundi za karibu ina funzo kubwa.

Olimpiki ya Seoul 1988, fainali ya Roy Jones wa Marekani na Park Si-hun wa Korea: hesabu ya ngumi zilizotua ilikuwa 86 kwa 32 upande wa Jones, na majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Haikuwa raundi ya karibu hata kidogo, lakini aibu ile ndiyo iliyozaa mashine za kubonyeza. Kuanzia Barcelona 1992, pointi ilihesabiwa tu ikiwa majaji watatu kati ya watano wamebonyeza kitufe ndani ya sekunde moja. Ilionekana kama dawa. Matokeo yake mabondia wakajifunza kupiga kile kinachoonekana na macho ya watu watatu kwa wakati mmoja, yaani ngumi ndefu ya kunyoosha kichwani. Ngumi za mbavuni na za karibu karibu zikatoweka, maana hazikuwa na faida. Mashine zilidumu hadi London 2012, na Rio 2016 wakatumia pointi kumi, ambako nako malalamiko yaliibuka hadi majaji kadhaa wakaondolewa wakati michezo ikiendelea.

Kwa sisi Wakenya, Seoul hiyohiyo ni kumbukumbu njema, kwa sababu Robert Wangila alichukua dhahabu kwa kumwangusha Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Baba yangu husema Wangila ndiye aliyejua kujaza kadi.

Mtoto_wa_Magomeni | #16

Mzee wako ana hekima, Nairobi. Ila si kila kijana amejaliwa mkono wa Wangila. Wengine tunategemea karatasi.

Kamba_ya_Tatu | #17

Nyayo, bandiko lako limenifanya nijiulize kuhusu mashine mpya. Katika marudiano ya Usyk na Fury, Desemba 2024, majaji watatu waliandika 116-112 wote kwa Usyk, na pembeni akili bandia iliyowekwa kwa majaribio ikaandika 118-112 kwa Usyk. Je, huko ndiko tunakoelekea?

Pwani_Kusini | #18

Jumlisha hiyo 118-112 kama Karatasi alivyotufundisha. Ni 230. Hakukuwa na aliyeanguka wala aliyekatwa pointi, kwa hiyo kwa hesabu hii mashine yenyewe iliona raundi mbili za sare. Hata chombo kisichosikia kelele, kisicho na kwao na kisichozibwa na wapiga picha, kilifika mahali kikashindwa kuchagua. Mimi hilo limenifariji zaidi ya kunitisha.

Nami naongeza la zamani kwa wanaodhani tatizo ni wingi wa majaji. Mwaka 1971 pale Wembley, mwamuzi Harry Gibbs alitoa pointi peke yake kwa raundi kumi na tano, Joe Bugner dhidi ya Henry Cooper, na mwisho akampa Bugner 73¾ kwa 73½. Robo pointi. Tena raundi moja tu, mtu mmoja tu, na Waingereza walibishana miaka mingi.

Bi_Ulingo | #19

Basi mnachosema wote ni kwamba hakuna njia? Mimi nataka jaji aniambie kabla ya pambano anathamini nini. Kama anathamini anayesonga mbele, bondia ajue. Kama anathamini ngumi safi, ajue. Na kadi zisomwe hadharani katikati ya pambano, kama Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) wanavyofanya wakati mwingine baada ya raundi ya nne na ya nane, ili mtu asijikute anapigana gizani.

Mzee_wa_Kona | #20

Kadi zikisomwa, dada yangu, anayeongoza ataingia kwenye baiskeli na kuzunguka ulingo raundi nne za mwisho. Wewe usiyependa wanaorudi nyuma utalia zaidi ya leo.

Bi_Ulingo | #21

Hapo umenipata, mzee. Lakini anayeshindwa naye atajua kwamba lazima amwage moyo wake wote, na wengi wameshindwa kwa kudhani wanaongoza.

Kengele_ya_Mwisho | #22

Wadau, nimerudi na jambo jipya. Kaka yake kijana wa nyekundu alikuwa amerekodi pambano kwa simu akiwa upande wa pili wa ulingo, na jana alinionyesha. Nimeitazama raundi ile mara sita, mara tatu sauti ikiwa imezimwa.

Zile ngumi nne za bluu nilizozichora kwa vijistari, mbili zimetua safi. Ya tatu imegonga glovu ya nyekundu kwanza, na glovu ndiyo iliyokisukuma kichwa nyuma. Ya nne inaonekana kama imepita, ila kutoka upande ule mgongo wa mwamuzi unaziba kidogo. Na Mzee wa Kona, nyekundu amepiga mbavuni mara tatu, zote kwa mkono wa kushoto, zote upande ambao mimi nilikuwa sioni. Baada ya ile ya tatu, kiwiko cha kulia cha bluu kinashuka na hakipandi tena hadi kengele. Kwa kipimo changu mwenyewe cha kumlazimisha mwenzake abadilike, kushuka kwa kiwiko kile ni mabadiliko makubwa kuliko kichwa kurudi nyuma.

Hata hivyo mojawapo ya zile mbili safi ilimsimamisha nyekundu kabisa, akakaa karibu sekunde tano bila kurusha kitu. Naendelea kuiandika 10-9 kwa bluu, ingawa safari hii mkono unasita.

Bi_Ulingo | #23

Kiwiko kimeshuka, raundi imeshuka nacho. Nyekundu.

Mzee_wa_Kona | #24

Mimi nilipouliza habari za mbavu nilitegemea nitampa nyekundu, lakini kusimama sekunde tano mbele ya mtu anayekuchoma si jambo dogo. Kama mkanda unaonyesha hivyo, ningeenda na bluu.

Kamba_ya_Tatu | #25

Mleta uzi, mwombe kijana huyo ruhusa uipandishe raundi hiyo hapa, bila sauti na bila majina. Kila mtu aandike kadi yake kabla ya kusoma ya mwenzake. Punje zangu sita ziko tayari mezani.